Hodi Mara Tatu

Nimechoka kusema "vua viatu". Acha niseme ukweli tu. Miaka mingi natembeza wageni hapa Kilwa, na kila asubuhi, pale Masoko, kabla hatujakwenda popote, nawapanga mbele yangu na kuanza wimbo wangu. Mabega yafunikwe, magoti yafunikwe. Usimpige mtu picha kabla hujamwomba. Usiulize njia kabla hujasalimia. Wakubwa wape shikamoo. Pokea kwa mkono wa kulia, toa kwa wa kulia, kula kwa wa kulia. Wa kushoto una kazi zake chooni, uache huko huko. Wanacheka, wanaandika kwenye vidaftari vyao. Dakika kumi hazijapita, mmoja anamwamkia mtoto wa chekechea shikamoo, na yule mtoto, shetani wa watu, anaitika marahaba.

Wimbo wangu unaishia na hodi. Mlangoni piga hodi, ngoja. Piga ya pili, ngoja. Ya tatu usipojibiwa, geuza urudi ulikotoka, nyumba ya mtu si soko. Hiyo ndiyo niliyoikazania kuliko zote, na ndiyo iliyonishinda mwenyewe.

Maana mama yangu alikuwa akikaa Kivinje peke yake, kwa kupenda kwake, na wageni wangu niliwapeleka kwake kula chakula cha mchana. Alifurahi sana wakija. Anawapikia wali wa nazi na mchuzi wa samaki, anatoka mpaka mlangoni na maneno yake yale yale: "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Lakini nikienda peke yangu, mimi naingia tu, hodi ikiwa bado mdomoni. Basi ananisema: "Wewe mtoto, miguu yako inafika kabla ya hodi yako. Halafu eti ndiye unayefundisha watu adabu. Makubwa!" Mtu mzima nina wajukuu, bado nasemwa.

Siku moja nilikuwa na wageni wawili, mume na mke, wazee. Jua kali, kichwa kinaniuma, na yule mwanamke maswali hayamwishi. Tulifika kwa mama adhuhuri, harufu ya nazi imetoka hadi nje. Nikajisemea moyoni, leo namkomesha mama, leo atapigiwa hodi ya heshima hadi aombe poo. Nikawasimamisha wageni barazani.

"Hodi!"

Kimya. Nikawageukia nimeinua kidole, kwamba tunangoja.

"Hodi hapa!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Hakuna aliyejibu. Yule mwanamke akaniuliza, kwa lugha yao, sasa inakuwaje. Nikamwambia sasa tunakaa. Pengine anaswali, pengine katoka kwa jirani kuomba ndimu. Tukakaa barazani. Baada ya muda akanigusa bega, akasema kasikia kitu ndani, kama mtu anakwaruza sakafu. Nikamjibu kwa ukali, na ukali ule naukumbuka mpaka leo: hapa kwetu mtu haingii nyumba ya watu bila kukaribishwa, nimekwambia asubuhi, hukusikia? Mumewe akainamia viatu vyake.

Kisha nikasikia harufu ya wali unaungua. Mama yangu haunguzi wali. Hapo ndipo nilipoinuka.

Alikuwa chini, kati ya jiko na mlango wa uani, macho wazi, mdomo umekwenda upande. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa ukikwaruza sakafu. Nilipiga ukelele nikabaki nimesimama kama mjinga. Yule mwanamke aliingia na viatu vyake, akapiga magoti, akamlaza mama ubavu, na mumewe akakimbilia barabarani kutafuta bajaji. Hakuna aliyevua kiatu siku ile, wala aliyemsalimia mtu.

Mama hakufa, alhamdulillahi. Alirudi nyumbani hana sauti, upande wote wa kulia umelala. Nikaacha kazi kwa muda, nikahamia kwake. Lakini kilichoniogopesha si sauti. Mama aligoma kula. Kulishwa hataki, nikipeleka kijiko anafumba mdomo, anageukia ukutani. Na mkono uliobaki mzima ndio ule wa kushoto, na yeye, aliyetufundisha sote kwa makofi tangu tunatambaa, asingeutia kwenye wali hata iweje. Watu wakija kumjulia hali anauficha chini ya khanga, asije akausahau akampa mtu. Alikuwa anakwisha naona. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikalia. Nikamwambia mgonjwa karuhusiwa, hata shehe atakwambia hivyo. Wapi!

Siku moja mchana nikachoka. Na huko ndiko kuchoka, siyo kule kwa viatu vya wageni. Nikaweka sinia kati yetu, nikanawa mkono wa kushoto, yeye ananitazama. Nikautia kwenye wali, nikafinya tonge, nikala. Nusu ikanimwagikia kifuani, maana mkono huo haujui kazi hiyo. Mama akanitolea macho yale yale ya makofi. Nikafinya la pili.

"Nipige basi, mama," nikamwambia. "Nipige nao huo huo."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, kwa upande mmoja. Mkono ukatoka chini ya khanga taratibu. Nikamnawisha. Akafinya tonge, likamponyoka, akafinya jingine, akala. Tukaendelea hivyo, watu wazima wawili tumejichafua kwa wali, hakuna anayemcheka mwenzake.

Nilipoona keshakula vya kutosha, nikauliza lile nililokuwa nimelibeba tangu siku ile. Niliuliza nikitazama sinia.

"Mama, pale mlangoni, ulinisikia?"

Akainua mkono wake wa kushoto, umeshika punje za wali, akanionyesha vidole vitatu. Akaushusha kwenye sinia, akanisogezea kipande cha samaki upande wangu.