Siku Niliposimama Kuisemea Kampuni

Aibu hii nimeificha miaka miwili, na hadi leo nikipita karibu na Mahakama Kuu pale mjini naangalia viatu vyangu, kwa hiyo mkicheka chekeni polepole.

Shangazi yangu, aliyetoka Bujumbura hadi huku kusini mwa Afrika na cherehani moja, alikuwa na fremu ya kushona nguo kule mtaa wa Malvern, barabara ya Jules. Mimi, mwenye digrii mpya na bila kazi, nilimshawishi tusajili kampuni, na mkataba wa pango uandikwe kwa jina hilo (nilisema itampa heshima, ila ukweli ni kwamba nilitaka jina langu lisomeke mahali: mkurugenzi). Mwaka 2012 mwenye jengo akalitaka jengo lake, akaishitaki kampuni ili tuhamishwe kabla ya msimu wa sare za shule, msimu unaomlisha shangazi mwaka mzima.

Shangazi aliuliza kama tutafute wakili. Nikamwambia, "Niachie mimi."

Nilisoma na dada mmoja Mkenya ambaye sasa ni wakili katika mji wa Midrand. Nilimwandikia ujumbe mara sita na kuufuta mara sita, kwa sababu lazima angeuliza siku hizi nafanya kazi wapi. Basi nikajifungia chumbani wiki tatu bila kuzungumza na mtu, nikitoa hoja zangu mbele ya kioo (kioo kilikubali zote).

Siku ya kesi nilivaa suti ya kuazima, nikabeba faili lenye karatasi za rangi nne. Kampuni ilipoitwa, nikasimama.

"Wewe ni wakili?" jaji aliuliza kwa Kiingereza.

"Hapana, Mheshimiwa. Mimi ni mkurugenzi."

Akavua miwani, akanieleza taratibu, na upole wake ndio ulioniua, kwamba kisheria kampuni ni mtu wake mwenyewe, si mimi wala si shangazi, na mtu huyo hana mdomo, na katika mahakama ile anayemsemea lazima awe wakili, kwa sababu wakili amekula kiapo na akiipotosha mahakama kuna pa kumshika. Mtu binafsi anaweza kusimama akajitetea, alisema. Kampuni haiwezi.

Shangazi, ambaye Kiingereza kilimpita, akasimama kule nyuma. "Mwambie mimi ndiye ninayeshona pale."

Nikatafsiri. Jaji akauliza mkataba una jina la nani. La kampuni, nikasema (jina nililolichagua mimi). Akasema anasikitika, lakini mama huyu si mhusika. Chumba kizima kikanisubiri nitafsiri, nami nikatafuta maneno laini, sikuyapata.

"Shangazi, wanasema wewe humo."

"Simo wapi?"

"Kwenye kesi."

Akakaa, akauweka mkoba magotini, akautazama.

Jaji aliahirisha kesi wiki mbili tutafute wakili. Nilipojaribu kuondoka haraka, faili likafunguka na rangi zote nne zikamwagika sakafuni, na aliyeinama kunisaidia kuokota ni wakili wa mwenye jengo, akaninong'oneza, "Eish, bhuti, kaka yangu, ungeuliza tu."

Tulipata wakili wa msaada wa bure. Alizungumza dakika tano, tukaruhusiwa kubaki hadi mwisho wa Februari, na sare zikashonwa. Kisha shangazi akahamia mtaa mwingine, Turffontein. Habari za siku ya kuhama nilizisikia kwa watu.

Jumapili moja nikamtembelea, nikakuta mkataba mpya juu ya meza, una jina lake peke yake. Nikamuuliza nani alimsaidia kujaza fomu.

"Niliuliza watu," alisema, akaendelea kushona.

Nilikunywa chai yangu, nikaaga. Nimeapa sitamwambia tena mtu "niachie mimi" kwa jambo nisilolijua. Na pale kituoni, nikisubiri taksi, nilimwandikia yule dada wa Midrand ujumbe wa saba, nikautuma kabla sijausoma tena.