Rola, Mchanga na Gunia la Kahawa

Niliisikia kabla sijaiona. Kwaruu. Kimya kifupi, halafu kwaruu tena, kama mtu anayeburuta sufuria tupu kwenye sakafu ya saruji. Nilikuwa nyuma ya kanisa letu la Kihagara, nimechuchumaa kwenye kivuli cha ukuta, nakoroga rangi ya maji kwa fimbo. Sauti ilitoka ndani. Moyo uliielewa mapema kuliko kichwa: ule ni mchanga. Mchanga ulikuwa kwenye rola, rola ilikuwa ukutani, na rola hiyo niliiosha mimi.

"Mwandishi!" fundi aliita. "Hebu njoo uone ulichoandika."

Niliingia. Juu ya ukuta wa madhabahu, kwenye rangi ya krimu tuliyoipaka kwa siku tatu, kulikuwa na michirizi mirefu, myembamba, kama alama za kucha. Fundi alisimama juu ya jukwaa la miti, rola mkononi, ananitazama kwa utulivu wa mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

Alikuwa mtu wa Mbinga mjini, umri wa baba yangu, fundi rangi anayejulikana kote mlimani na ziwani. Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama kumalizia riwaya, riwaya ikagoma kuisha, nikaomba kibarua kwake ili mikono yangu ifanye kitu ambacho jioni ningeweza kukiona kwa macho. Alinipokea akicheka. Tangu siku ya kwanza hakuwahi kuniita kwa jina lingine zaidi ya Mwandishi, na alilitamka kama anavyotamka mtu neno "mgonjwa".

Jioni iliyotangulia ndiye aliyenituma nikaoshe rola. Nilikwenda ziwani. Huku kwetu kila kitu kinaoshwa kwa mchanga: sufuria lenye masizi, kisu kinachonuka samaki, visigino vya mtu anayejiandaa kwenda harusini. Mama alinifundisha kabla sijajua kusoma. Unachota ule mchanga laini wa pale maji yanapokomea, unasugua mpaka uone uso wako. Rola nazo nilizisugua hivyo hivyo, kwa bidii, nikiimba. Nikazisuuza, nikazianika kwenye kichanja pembeni ya usipa, wale dagaa wa ziwani, wa mama. Asubuhi zilikuwa nyeupe, nikajivuna. Sikujua kwamba manyoya ya rola yanaficha chembe za mchanga kama nywele zinavyoficha chawa, na kwamba zikilowana rangi zinajitokeza na kuuchana ukuta.

"Hizi uliziosha kwa kitu gani?" fundi aliuliza.

"Kwa maji, fundi. Na mchanga."

"Na nini?"

Alikuwa amesikia. Alitaka wasikie akina mama waliokuja kudeki, kama wanane hivi, waliokuwa wameinama na matambara kati ya mabenchi.

"Na mchanga," nikarudia.

"Jamani, inukeni mumwone msomi wenu! Rola kaisugua kama sufuria." Alishuka, jukwaa likilia chini yake. "Watu wa ziwani ninyi! Nadhani hata mtoto akizaliwa mnamsugua mchanga kwanza ndipo mnamfunga nepi."

"Ndiyo maana tunang'aa, fundi!" alijibu mama mmoja mnene, muuza vitumbua, na kanisa zima likalipuka kwa kicheko. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anatutetea sote. Lakini kicheko kilipofika kwangu kilikuwa kimeshabadilika.

Fundi akachukua uzi wake wa kupimia, akaupitisha kwenye tundu la rola, akafunga fundo, akanivisha shingoni. "Utavaa hadi saa sita. Kila anayeingia aone."

Nikavaa. Hilo ndilo nisiloweza kumsamehe: kwamba nilivaa. Niliendelea kukoroga rangi huku krimu ikinidondokea kwenye blauzi, na akina mama wakipita na ndoo wakijizuia kucheka, wakishindwa. Kufika mchana nilikuwa na jina jipya. Bibi Mchanga. Watoto wa shule walilipokea kwa furaha. Jumapili nililisikia mlangoni mwa kanisa. Wiki ile ile mama yangu mwenyewe akiniita kutoka jikoni alianza, "Bibi Mch..." akaziba mdomo kwa kiganja, na tukatazamana, na nikafunga mizigo yangu.

Nilitaka kitu kimoja tu duniani. Mdomo ule ule ulionipa jina uje ulifute, mbele ya masikio yale yale. Riwaya niliiweka chini ya godoro.

Nilipanda hadi Ukata, kwa mama mdogo, mdogo wake mama aliyeolewa huko kwenye mashamba ya kahawa. Sikumwambia kilichotokea. Nilimwambia nataka kujifunza kuosha rola.

"Kuosha nini?"

"Rola ya rangi, mama mdogo."

"Watu wanakuja hapa kuvuna kahawa," alisema, "wewe umekuja kuosha. Haya, karibu."

Nyuma ya nyumba yake, chini ya banda, palikuwa na mashine ya zamani ya kumenyea kahawa, ya kuzungusha kwa mkono. Meno yake yalikuwa yamelika, hakuna aliyeigusa kwa misimu mingi, kuku walitagia ndani yake. Lakini gurudumu lake kubwa la chuma lilikuwa zima, na mkono wake ulizunguka bila kukwama. Niliuzungusha mara moja, gurudumu likaendelea lenyewe, likinguruma taratibu, na nikamwona fundi waziwazi kama amesimama pale mgombani.

Kisa cha rola ni rahisi. Ukiiosha kwa mkono, maji yanachafuka, unayamwaga, yanachafuka tena, na rangi bado imejificha chini ya manyoya. Haitoki kwa kusuguliwa. Inatoka kwa kurushwa. Nililijua hilo kwa kumtazama mbwa wa mama mdogo akitoka mtoni: alijitikisa mara moja tu, akawa mkavu, mimi nikawa nimelowa.

Nilichukua kipande cha nondo, nikakipitisha kwenye matundu ya nguzo mbili za mti nilizozitoboa kwa msumari wa moto, nikapaka grisi. Upande mmoja wa nondo nikakaza kigurudumu cha mti, kidogo kama kikombe. Nikakata tyubu ya baiskeli iwe mkanda, nikaufunga kutoka gurudumu kubwa la mashine hadi kile kidogo. Kubwa likizunguka mara moja, dogo linazunguka mara nyingi mno, hata nondo unaiona kama moshi. Upande wa pili nikachonga kigingi cha mti wa kahawa, mgumu kama mfupa, nikakizungushia vipande vya tyubu ili rola ikivikwa ishike. Rola ilizungukia ndani ya dumu la mafuta lililolazwa, nililolikata dirisha juu la kuingizia na tundu chini la kutolea maji. Mwisho nikakata mfuniko wa sufuria umbo la mwezi mchanga, unaolingana na mviringo wa rola, wa kukwangulia rangi na kuirudisha kwenye ndoo kabla ya kuosha.

Siku ya kuijaribu nilimwita mama mdogo. Alikuja na gauni lake jeupe la kwendea kanisani, maana alikuwa njiani. Nilichovya kwenye maji rola iliyojaa rangi ya kijani, nikaivika kwenye kigingi, nikazungusha kwa nguvu zote za hasira yangu.

Rangi yote ilipaa kupitia lile dirisha. Ilimpata mama mdogo kuanzia kidevuni hadi kiunoni. Jogoo aliyekuwa akipita akageuka kijani upande mmoja.

Mama mdogo alijitazama. Akamtazama jogoo. "Sasa niende kanisani naye," alisema, "tumeshonewa sare."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha akaingia ndani, akatoka na gunia kuukuu la kahawa, akalitandika juu ya dirisha la dumu. "Zungusha sasa." Nikazungusha. Halikutoka hata tone. Nikaichovya rola mara ya pili, ya tatu. Mara ya tatu maji yalitoka kwenye tundu yakiwa meupe kama ya kisima. Nilipoivua, manyoya yalisimama, mepesi, karibu makavu, kama kifaranga cha siku moja.

Nilipaka nyumba nyingi Ukata na Mbinga mwaka ule. Watu walipenda jinsi rangi yangu ilivyolala. Kila rola niliyoiosha niliipitisha shavuni, macho nimefumba, nikitafuta chembe. Na kila nilipozungusha ule mkono nilihesabu kimoyomoyo, siyo namba, bali sura za akina mama wale wanane.

Masika yalipokaribia niliteremka Kihagara na mashine yangu juu ya lori la mahindi, kupaka duka jipya. Niliifunga kwenye stoo ya mama. Kisha mvua zikaja, barabara ya kwenda Mbinga ikakatika, na ikawa hivi: fundi alikuwa huku huku ziwani, anapaka nyumba ya padri, na askofu alikuwa anakuja kwa boti Jumapili kutoa kipaimara. Fundi alikuwa ameanza na bluu chini ya kuta, akaziacha rola kwenye ndoo ya maji, akazikamua kwa mkono kama alivyofanya maisha yake yote, kisha akapanda juu na krimu. Kila alipopitisha rola, krimu ilichuruzika bluu. Aliosha, akarudia, ikachuruzika. Rola mpya hazikuwepo dukani, wala Ngumbo, kijiji kingine cha ziwani, wala popote chini ya mlima.

Ijumaa asubuhi nilisikia "Hodi" uani. Mama aliinua kichwa kutoka kwenye kichanja cha usipa. Alimwona aliyebisha, akaniangalia mimi, akarudi kwenye samaki wake.

"Shikamoo, fundi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri tu. Za Mbinga? Mama nyumbani? Watoto? Mvua huko?"

Nilimsalimia kwa ukamilifu. Nilimpitisha kwenye kila jamaa yake, mmoja mmoja, huku rola nne zenye rangi mbili zikidondosha matone mkononi mwake. Wakati huo akina mama wa vichanja vya jirani walikuwa wameshaanza kusogea, muuza vitumbua akiwa mbele, hakutaka hata kujifanya ana shughuli nyingine.

"Nimesikia una kimashine," fundi alisema hatimaye.

"Ninacho."

"Basi nisaidie mwanangu. Jumapili hiyo imefika. Wewe mwandishi, una moyo mkubwa."

Nimeambiwa mara nyingi kwamba mwandishi lazima awaonee huruma wahusika wake. Huyu hakuwa mhusika wangu. Nilifungua stoo.

"Mashine ile pale," nilisema. "Kukwangua na kuvika nitafanya mimi. Kuzungusha utazungusha mwenyewe."

Gunia lilikuwa juu ya dumu. Nililitoa, nikalikunja mara mbili, nikaliweka kwenye kigoda, nikalikalia.

Alivua koti. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi; alikuwa amevaa vizuri kuja kuomba. Nikakwangua rola ya kwanza, nikaichovya, nikaivika kwenye kigingi. Akashika mkono wa mashine, akausogeza kidogo, kwa mashaka.

"Inaendeshwa hivi hivi tu?"

Nilihisi nyuzi za gunia zikinichoma mapajani. Ningeweza kusimama.

"Zungusha kwa nguvu, fundi," nilisema. "Haitaki woga."

Akazungusha. Gurudumu likanguruma, nondo ikageuka moshi, na bluu ya nyumba ya padri ikapaa. Ilimpiga kifuani, shingoni, na kwenye mdomo uliokuwa wazi. Alishtuka, na kwa kushtuka akazidi kuzungusha. Alipoachia, gurudumu liliendelea lenyewe na kummalizia masharubu.

Kisha muuza vitumbua, kutoka mlangoni: "Eeh fundi! Sasa na wewe unang'aa!"

Kicheko chao kilikuwa kile kile cha kanisani. Nilikisikiliza chote, hadi mwisho, kama anayesikiliza wimbo alioungoja redioni. Mama yangu alicheka akiwa ameshika nguzo ya kichanja.

Ndipo nikainuka, nikatandika gunia mahali pake. Fundi aliliona. Alilitazama gunia, akanitazama mimi, na akaelewa. Sikuinamisha macho.

"Endelea," nilisema. "Sasa haitakurukia."

Alizungusha rola zote nne, mara tatu tatu, bluu ikimkaukia usoni. Zilipokwisha, nilimpa moja. Aliipapasa kwa kidole gumba, kinyume cha manyoya, jinsi fundi anavyopapasa. Aliigeuza. Akaipapasa tena, na kwa sekunde chache alisahau kwamba mimi nipo. Alikuwa fundi tu, na kitu kizuri mkononi.

"Haina hata chembe," alisema, chini kwa chini.

"Sema wasikie."

Nikaweka kiganja juu ya rola tatu zilizobaki kwenye meza, nikangoja. Nje akina mama walisogea karibu zaidi.

"Haina chembe ya mchanga," alisema kwa sauti. Akaninyooshea kidole. "Kaosha fundi."

Nikaondoa mkono. Alikusanya rola zake, akatundika koti begani, akainama kupita chini ya kizingiti, akiacha tone moja la bluu kwenye sakafu. Hakuaga, nami sikumsindikiza hata hatua moja, ingawa kwetu mgeni husindikizwa. Nilisukuma mlango wa stoo nyuma ya mgongo wake na kuingiza komeo.