Mbavu Zilivunjika, Nami Nikaishi

Ninaitwa Apolonia, mkulima wa kahawa na ndizi huku Uru, mlimani juu ya Moshi. Kuna watu walinivunja mbavu ili niishi, nami nimeomba nafasi hii niwaeleze ilivyokuwa.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa nguvu. Nilikata majani ya ng'ombe, nikabeba mkungu wa ndizi kichwani na kupanda mlima bila kuhema. Jioni, mimi na mume wangu Proches tulitazama tamthilia ya hospitali kwenye televisheni. Moyo wa mgonjwa ukisimama, daktari alimbonyeza kidogo kifuani, akamgusisha mashine ya umeme, na mgonjwa akafumbua macho na kumwita mchumba wake. Proches alipiga makofi. Tuliamini kufufua mtu ndiko huko.

Asubuhi moja tukichuma kahawa, kifua kilinibana kama mtu amekikalia. Jasho la baridi likanitoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi, nikatapika. Nilisema ni kiungulia tu. Proches akanitazama usoni.

"Mama Neema, hapana. Twende mjini."

Jirani akatupeleka kwa gari lake hadi hospitali, huko chini Moshi. Nakumbuka benchi la mapokezi, na bibi mmoja niliyemwamkia shikamoo. Basi. Yaliyofuata nilisimuliwa na Proches, na nesi anayeitwa Veneranda.

Nilianguka sakafuni nikikoroma vibaya, nikajikojolea, kisha nikanyamaza. Veneranda alikuja mbio, akapiga magoti, akaweka mikono katikati ya kifua changu na kukandamiza kwa uzito wake wote. Kifua kilikuwa kinazama. Proches akasikia mfupa unalia, akamshika nesi bega.

"Unamvunja mke wangu! Taratibu!"

"Baba, niachie! Mbavu zitaunga. Nikiacha anakufa!"

Proches anasema macho yake yalimwona mtu anayeniua, na mkono ukakataa kulegea. Kisha akaulegeza. Anasema maishani hajafanya jambo gumu kama lile.

Manesi walipokezana, jasho likiwatiririka. Mashine ya umeme ikaletwa, ikanishtua bila mafanikio. Wakakandamiza tena, ikanishtua tena, na moyo ukashika. Lakini sikufumbua macho wala kumwita mtu. Nililala siku kadhaa na mpira kooni, mashine ikinipumulia.

Daktari hakuwaficha watoto wangu. "Moyo wa mama umerudi. Kama yeye mwenyewe atarudi, bado hatujui. Wengi hawarudi."

Nilipoamka sikuwa mimi. Nilivuta mipira, nikaongea Kichagga kitupu, nikamwita Proches kwa jina la marehemu kaka yangu. Akatoka nje akalia. Binti yangu Neema akabaki, akaninywesha uji kwa kijiko huku akinitajia jina langu, la baba yake, la kila ng'ombe wetu. Akili ilirudi polepole. Kifua kilichelewa zaidi: kukohoa kulikuwa adhabu, kucheka pia, na usingizi niliupata nikiwa nimekaa.

Kabla hatujaruhusiwa kurudi nyumbani, Proches alimuuliza Veneranda, "Sista, mbona kwenye televisheni wanaamka palepale?"

"Wale ni waigizaji, baba. Ukimkandamiza mwigizaji hivi, utamlaza wodini kweli. Na ile mashine ya umeme haiamshi moyo uliozima kabisa. Inatuliza moyo unaotetemeka ovyo. Mikono ndiyo inayopeleka damu kichwani."

Leo nameza dawa zangu kila siku na siruki kliniki. Kahawa nachuma, ila ya matawi ya chini. Ile wiki nzima haimo kichwani mwangu na sidhani itarudi. Sijali.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Veneranda na wenzake. Namshukuru Proches kwa kuliachia lile bega.

Nanyi nawaomba: kifua kikibana, msibaki nyumbani mkisema ni kiungulia. Na mtu akianguka, akawa haitikii wala hapumui sawasawa, iteni msaada, kisha wekeni mikono katikati ya kifua, mkandamize kwa nguvu na kwa haraka, mpokezane bila kuacha mpaka wataalamu wafike. Mkoromo wa kukatikakatika usiwadanganye. Huko si kupumua. Hamtaona maajabu ya tamthilia. Pengine hamtafanikiwa. Lakini mkisimama kutazama, hakika atakufa.

Na siku mkinikuta mimi nimelala chini, msinionee huruma. Vunjeni.