Neno Nililolisema Juu ya Nyumba ya Mama Deusi

Naikumbuka vizuri siku niliyosoma kile kibao, mwanangu. Nilikuwa natoka kisimani asubuhi, ndoo kichwani, na ndiyo kwanza nilikuwa nimejua kusoma kwenye darasa la elimu ya watu wazima. Nilikuwa nikisoma kila kitu kilichonipitia mbele ya macho: gunia la sukari, karatasi ya sabuni, maandishi ya khanga. Basi nilipofika kwenye geti la Mama Deusi nikaona ubao umepigiliwa misumari, umeandikwa kwa rangi nyeusi. Nikasimama pale na ndoo yangu, nikaanza kuunga herufi moja moja: NYUMBA INAUZWA PAMOJA NA BUSTANI.

Nilirudia mara mbili. Maji yakanimwagikia mabegani nisiyahisi.

Lazima nikueleze hiyo nyumba ilikuwaje, maana leo ukipita huko hutaikuta kama ilivyokuwa. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka Runzewe. Tulipohamishwa kutoka kwenye makazi yetu ya zamani, kila mtu na shamba lake, na kupangwa pamoja, nyumba zetu ziliwekwa mstari mmoja kando ya barabara, zote za udongo na nyasi, zimebanana mpaka jirani akikohoa unamjibu pole. Nyumba ya Mama Deusi haikuwa kwenye mstari. Ilikuwa imejengwa pale kabla kijiji hakijaanza, na mstari wetu ulipoongezeka ukaishia karibu na geti lake. Yangu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kila nilipofungua mlango, kitu cha kwanza kukiona ni nyumba ya watu: imesimama peke yake, matofali ya kuchoma, bati, baraza pana.

Lakini nyumba haikuniumiza kama bustani. Mumewe, Baba Deusi, alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa mapadre akitunza viwanja vyao, na ujuzi wote alikuja nao nyumbani. Ua ulikuwa wa michongoma iliyokatwa sawasawa kama kwa rula. Ukishaingia getini unakuta njia yenye mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili, halafu ukoka mfupi, mawaridi mekundu na meupe, michungwa sita nyuma ya nyumba, na benchi la mbao ambalo kazi yake ilikuwa kukaa tu na kutazama maua. Sisi tulikuwa na maboga mlangoni. Huko kwetu nani alikuwa na benchi la kutazama maua?

Na huyu Mama Deusi hakuwa mtu wa mbali. Jina lake la ubatizo Veronika. Tulikua pamoja, tukasoma mafundisho ya komunyo pamoja, siku ya kipaimara tulivaa magauni yaliyokatwa kwenye kitambaa kimoja. Mimi nikaolewa na mkulima wa pamba, mtu mwema, babu yako huyo. Yeye akaolewa na fundi wa bustani. Kila nilipotoka kumtembelea nilirudi na machungwa kwenye khanga, na moyoni nimekasirika. Aliponipa machungwa nilisema ananionyesha anayo. Siku asiponipa nilisema ana choyo. Wivu ndivyo ulivyo, mwanangu, ukishaingia hakuna jema linalokupendeza kutoka kwa yule mtu.

Siku ile ya kibao niliingia ndani nikamwambia babu yako tuinunue. Alicheka kwanza, akidhani natania. Alipoona sitanii akaniambia kwa upole kwamba hata tukiuza pamba ya misimu yote aliyobakiza kuishi hatutaifikia. Akatoka kwenda shambani. Nilikaa jikoni nikalia, kisha kilio kikageuka kitu kingine. Nikajiambia: kama si mimi, basi na iwe hakuna.

Sababu ya kuuza niliijua. Veronika alikuwa mgonjwa. Miguu na uso vilikuwa vikimvimba, na waganga wa hospitali ya Kolandoto walikuwa wamemtaka awe anarudi mara kwa mara. Kutoka kwetu hadi huko ilikuwa safari ya kubadilisha magari na kulala njiani. Kwa hiyo walitaka kuhamia Shinyanga mjini, mtaa wa Kambarage, ambako shemeji yake alikuwa amewatafutia mahali. Aliniambia mwenyewe, tumekaa kwenye lile benchi. Na unajua nilichokisikia mimi katika maneno yale yote? Sikusikia ugonjwa. Nilisikia mjini. Nilisikia taa za umeme na bomba la maji. Hata kuumwa kwake nilikuonea wivu.

Baada ya siku chache wakaja watu kuitazama nyumba, mwalimu mstaafu na mkewe, kutoka upande wa Ushirombo. Walikuta wenyeji wametoka, wakaja kwangu kuomba maji ya kunywa. Niliwakaribisha, tukasalimiana, nikawapa viti. Mwalimu alikuwa ameipenda nyumba kabla hajaingia ndani. Alikuwa akichungulia juu ya michongoma kama kijana anayechungulia mchumba. Mkewe ndiye aliyeniuliza. Akasema, mama, wewe ni jirani, hawa watu mbona wanaacha mahali pazuri hivi?

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa neno moja tu: ugonjwa. Lakini nilitazama chini, nikakunja khanga yangu, nikasema:

"Nyumba ni nzuri, dada yangu. Ila mimi ningekuwa wewe, ningejiuliza kwa nini mawaridi yanachanua wakati mahindi ya watu yanakauka."

Sikuongeza lolote. Yule mama alimtazama mumewe. Wakanywa maji yao, wakashukuru, wakaenda zao kabla wenyeji hawajarudi. Nami, sitakuficha kitu leo, nilifurahi. Nilipika ugali siku hiyo huku naimba.

Mwaka ule mvua ilikuwa imekatika mapema, na surua ilikuwa imepita kijijini ikachukua watoto wawili. Watu walikuwa wakitafuta wa kumlaumu. Neno langu liliondoka pale kwangu likiwa dogo, likapitia Runzewe na yule mama akirudi kwao, likarudi wiki iliyofuata kisimani limekuwa kubwa nisilitambue. Mwanamke mmoja alininong'oneza kwamba chini ya mawaridi ya Mama Deusi wamefukiwa watu. Mwingine akasema ndiyo maana wanakimbia. Wa tatu akalitaja jina la Bibi Kabula, na hapo ndoo ikaniponyoka.

Bibi Kabula alikuwa mama yake Baba Deusi. Kikongwe mfupi, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sabini, na ndiye aliyekuwa akimwagilia ile bustani. Mawaridi yalichanua kwa sababu kila alfajiri alibeba maji kisimani, na maji ya kuoshea vyombo hakuyamwaga bure, aliyatia kwenye kopo lenye matundu akanyunyiza mche mmoja mmoja. Nilimwona kila siku kutoka mlangoni kwangu. Hakuna aliyeijua kweli hiyo kuliko mimi. Na wewe unajua, mwanangu, kwetu huku vikongwe wenye macho mekundu walikuwa wakitendewa nini watu wakishaamini ni wachawi. Wengine walikatwa mapanga. Nililijua hilo, na bado siku ya kwanza nikanyamaza, ya pili nikanyamaza. Niliogopa aibu kuliko nilivyoogopa damu.

Jumamosi moja asubuhi Baba Deusi alikuwa amempeleka mkewe hospitali. Nikasikia kelele. Wanaume kama ishirini, wenye majembe na mafyekeo, walikuwa getini, na mwenyekiti wa kijiji nyuma yao akijaribu kuwatuliza. Bibi Kabula alikuwa amekaa barazani akichambua mboga. Hakukimbia, akanyanyuka taratibu, akawaitikia shikamoo za wale wachache waliokumbuka kumwamkia, kisha akawauliza wanataka nini. Kijana mmoja, aliyefiwa na mtoto, akamwambia wamekuja kutazama kilichofukiwa chini ya maua.

Yule bibi akamwonyesha mawaridi kwa mkono. Akasema, "Basi chimbeni, baba. Msipochimba mtakuja siku nyingine kunichimba mimi."

Wakachimba. Nilikuwa nimeshika mchongoma kwa nje, miiba imeniingia kiganjani. Waling'oa mawaridi mekundu kwanza, kisha meupe. Wakafumua ukoka, wakapindua yale mawe ya chokaa. Chini hapakuwa na kitu, mwanangu, ni udongo tu, mweusi na wenye unyevu, kama ambavyo udongo wowote ungekuwa ukimwagiliwa. Lakini mtu aliyeamini haridhiki kwa kukosa. Wakasema labda ni kwenye michungwa. Michungwa miwili ikaanguka. Halafu mmoja akasema si kwenye bustani, ni ndani ya nyumba, chini ya kitanda cha kikongwe, na wakaanza kumsogelea pale barazani.

Hapo ndipo miguu yangu ilipokwenda. Sikusema kwa ushujaa, usije ukanisifu. Nilipita katikati yao nikapiga magoti mbele ya Bibi Kabula, nikasema kwa sauti ili wote wasikie.

"Ni mimi niliyelianzisha. Niliwaambia wale wageni maneno ya mawaridi. Bibi huyu anamwagilia maji ya vyombo, namwona kila siku. Niliona wivu tu."

Yule kijana aliyefiwa alinitazama nikadhani atanipiga kwa jembe. Hakunipiga. Alilitupa jembe, akakaa chini juu ya ukoka uliofumuliwa, akaanza kumlilia mwanawe. Mwenyekiti akawatawanya wengine. Babu yako alikuwa miongoni mwa waliokuja baadaye kwa kusikia kelele. Alinisikia kila neno. Hakunigombeza. Alikwenda kuokota mawe ya chokaa na kuyarudisha kwenye mstari, jiwe kwa jiwe, mpaka jua likawa kali, na mwezi mzima baada ya hapo hakula chakula akinitazama usoni.

Bibi Kabula aliniinua. Akaniambia maneno ambayo sikutegemea. "Mayu, mama yangu, mimi nilijua unatazama. Kila asubuhi mlango wako unafunguka, unasimama. Nilidhani unapenda maua. Nikawa najiuliza mbona huji." Kisha akaingia ndani akafunga mlango, na nikamsikia akitapika kwa hofu aliyokuwa ameizuia mbele ya wanaume.

Veronika alirudi siku ya tatu. Nilimsubiri getini. Alishuka kwenye baiskeli ya mumewe, amevimba uso, akaitazama bustani. Mtu alikuwa ameshamweleza njiani. Nilianza kuomba msamaha, maneno yakanichanganyikia. Akanikatisha kwa mkono.

"Mama Kulwa, ni kitu gani cha kwangu ulichowahi kuniomba nikakunyima?"

Nilitafuta. Nakwambia nilitafuta miaka yote tuliyojuana, tangu mafundisho ya komunyo. Hakikuwepo. Sikuwa nimewahi kumwomba hata kitawi kimoja cha waridi nikipande mlangoni kwangu, na angenipa vitawi vya bustani nzima. Nilitaka alichonacho bila kumwonyesha kwamba nakitaka.

Nyumba iliuzwa, ndiyo. Ilinunuliwa na mtu mmoja aliyekuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo upande wa Geita. Yeye hakujali kilichofukiwa wala kisichofukiwa, na kwa kuwa aliijua hofu ya watu, aliipata kwa bei ya kukata tamaa. Mwalimu angewapa vizuri zaidi, na angetunza maua. Huyu alifyeka michongoma, akaweka ng'ombe kwenye ukoka, na lile benchi akalipasua kuni.

Wao wakahamia Kambarage, kwenye chumba na sebule, si nyumba waliyoitarajia, maana fedha haikutosha. Bibi Kabula akaenda nao. Nilikuwa nikienda kuwatembelea kila baada ya mavuno, nabeba kuku na mchele. Bibi alinipokea vizuri hadi alipofariki kwa uzee, kitandani kwake, nashukuru Mungu kwa hilo. Veronika naye alinipokea. Alinipikia, akaniuliza habari za mapacha wangu, akanisindikiza hadi stendi. Aliishi miaka tisa baada ya pale. Lakini zamani tulikuwa tukicheka mpaka tunashikana mbavu, na kicheko kile hakikurudi tena. Alinisamehe, mwanangu, ila hakuniamini tena, na nilijifunza kwamba hivyo ni vitu viwili.

Nimekueleza haya kwa sababu nimeona jana ulivyonyamaza tulipokwenda kuitazama nyumba mpya ya ndugu yako, na nimekusikia ukisema njiani kwamba sijui fedha ameipata wapi. Ulisema polepole, kama mtu anayeuliza tu. Hata mimi niliuliza tu.

Ukiona cha mwenzio kikakuchoma, usijifanye hakikuchomi. Mwendee umwambie, nyumba yako naipenda, nifundishe ulivyoipata. Aibu yake ni ya dakika mbili. Omba unachoweza kuomba, na usichoweza kukipata, kisifie mbele ya mwenyewe mpaka mdomo uzoee. Na mtu akikuuliza habari za jirani, mpe kweli yote au mwambie hujui. Usimpe nusu, kwa maana ile nusu nyingine watu wataijaza wenyewe, na hutakuwa na uwezo wa kuchagua wataijaza na nini.

Nenda leo kwa ndugu yako, usingoje Jumapili. Mungu akupe macho yanayofurahia mlango wa mwenzio ukifunguka, akulinde na neno linalotoka likiwa dogo, na akujalie rafiki wa kucheka naye mpaka uzeeni, usimpoteze kama mimi nilivyompoteza wangu.