Kompyuta Niliyoiweka Darini

Mimi niliishia darasa la nne, lakini maziwa ya ng'ombe wangu hayajawahi kurudishwa kutoka kituo cha kukusanyia hata siku moja. Nalisema hilo mapema ili ujue anayekusimulia si mtu wa kuharibu vitu. Hapa Mwika wananijua. Sufuria niliyoolewa nayo bado inapika.

Mjukuu wangu wa kike nimemlea mimi, tangu akiwa wa mgongoni. Akasoma mambo ya kompyuta mpaka akamaliza chuo. Masika yale aliitwa Dodoma kwenye mafunzo, miezi mitatu, akaniachia kompyuta yake, sanduku jeusi zito kama nusu debe la mahindi. Akaniambia, "Bibi, nitunzie. Unyevu tu usiingie."

Unyevu! Masika ya huku mlimani viatu vya kanisani vinaota kuvu ndani ya kabati. Nilifikiri siku mbili. Kisha nikafanya ambalo mama yangu angefanya kwa kitu cha thamani. Nikaifunga kwa kanga mbili, nikamwita wifi yangu wa kihamba cha jirani, shamba la migomba lililopakana na langu, tukaipandisha darini kwenye jiko la nje, juu ya mafiga, panapokaa mahindi ya mbegu. Mbegu zangu hazijawahi kuoza wala kutobolewa na dumuzi, kwa sababu kila siku zinapigwa moshi. Nilishuka ngazi najisifu.

Aliporudi nilikuwa nimeshaishusha na kuifuta. Akaipapasa, imekauka kama mfupa. "Aika mae," akanishukuru kwa Kichagga. Hakuuliza ilikuwa wapi, nami sikusema.

Haikupita muda kampuni moja ya mbali ikamwahidi kazi, ya kufanyia hapa hapa nyumbani, ila ajaribiwe kwanza. Alinieleza hivi: ndani ya ile kompyuta anawasha nyingine tatu zisizo na sanduku, hazishikiki, zinaishi humo humo na kila moja inajiona iko peke yake. Zinaitwa mashine pepe. Zifanye kazi zote tatu kwa siku tatu mfululizo bila kuzimika, na wale wa kampuni wanatazama huko huko waliko.

"Nimeelewa," nikamwambia. "Ng'ombe mwenye mimba ya ndama watatu."

Akacheka. Mimi sikucheka. Niliwahi kuwa na ng'ombe wa mapacha tu, na sikumaliza naye wiki.

Ilikufa siku ya kwanza, saa nane mchana. Nilikuwa mlangoni namenya ndizi za mtori. Feni yake ilikuwa ikivuma kama nyuki waliofungiwa, halafu kimya. Nilipogeuka, kioo kilikuwa cha bluu chenye maandishi meupe, kisha kikawa cheusi. Mjukuu wangu alikuwa amekaa mikono juu ya mapaja, kama mtu aliyeambiwa msiba.

Akasema ni umeme wetu wa mlimani, unayumba. Akaazima kifaa cha kuutuliza. Ikafa. Akasema ni joto. Akaivua ubavu, akaielekezea feni ya mezani. Ikafa. Akasema ni programu, akafuta kila kitu na kupanga upya, siku mbili hakula vizuri. Akiwasha mashine moja inakwenda kutwa nzima. Akiwasha tatu, pengine saa moja, pengine saa tano, pengine ndiyo kwanza anakaa. Laiti ingekuwa inakufa kwa utaratibu! Kitu kinachoua bila utaratibu kinakufanya uanze kuangalia nyuma yako.

Kwenye jaribio la pili kompyuta ilifika siku ya tatu. Nilishatoa jogoo wa kuchinja. Zikiwa zimebaki saa mbili, kimya kile kikaja tena. Jogoo nikamfungulia arudi zake. Wale wa kampuni wakaandika kwamba watampa mara moja tu nyingine, Jumatatu inayofuata, na ikizimika nafasi inakwenda kwa mtu mwingine.

Wifi yangu akaja, akasimama mlangoni na mkono kiunoni. "Wifi, kitu kinachokufa bila ugonjwa kina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Unaniuliza mimi? Kaka yangu amelala pale migombani, tangu masika hujampalilia."

Mimi ni Mlutheri, nimeimba kwaya miaka mingi. Lakini alipoondoka nilikwenda kwenye kaburi la mume wangu, nikang'oa magugu yote, nikaweka jani la sale kichwani pake, jani letu la kuombea msamaha. Nikasema kama kuna nililokukosea, nidai mimi, mwache mtoto. Upepo haukuwepo. Migomba ilisimama tu, imeinamisha majani.

Ijumaa nilimkuta mjukuu wangu ameegemeza paji la uso mezani. Nikamwambia ukweli wa zizini, kwa kuwa sina mwingine. "Ng'ombe akitoa maziwa yenye mabonge, unamchinja? Unachukua kikombe cheusi unakamua chuchu moja moja, mpaka umjue mgonjwa. Huyu wako ana chuchu ngapi?"

Akainua kichwa. "Bibi, nne." Akanionyesha vijiti vinne vya kumbukumbu vilivyochomekwa ndani ya sanduku. Mashine moja inagusa sehemu tu ya kumbukumbu, akasema. Tatu zinaigusa yote, mpaka palipooza. Akawa anaongea haraka, macho yamewaka, nami nikavimba kama chura. Darasa la nne!

Akachomoa kimoja. Akatazama kidole gumba chake, kimekuwa cheusi. Akapitisha kitambaa cheupe mle ndani, kikatoka na mafuta ya kahawia, yananata. Akakinusa.

"Bibi, mbona kinanuka kama jikoni?"

Niliijua harufu ile kabla hajamaliza kusema. Ndiyo harufu ya mahindi yangu ya mbegu.

"Ni vumbi la barabarani," nikasema.

Akaniamini. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba aliniamini. Akamkumbuka fundi wa Himo aliyemuuzia vile vijiti, akampigia simu hapo hapo. "Umeniuzia takataka zilizotoka kwenye moto! Ulijua kabisa! Wewe ni mwizi!" Nikasikia sauti ya yule baba ikijitetea, ndogo ndani ya simu, ikimwapia Mungu. Nikaendelea kufagia mahali palipokuwa pameshafagiwa.

Jioni baada ya kukamua, wifi akaja kuchukua maziwa yake. Akakiona kile kitambaa kwenye kamba. Akakisogelea, akavuta pumzi, akageuza kichwa taratibu kuangalia jiko la nje, kisha akaniangalia mimi.

"Utasema wewe," akaniuliza polepole, "au niseme mimi?"

"Toka kwangu."

"Nitatoka. Lakini ngazi niliishika mimi."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma yetu. "Ngazi gani, Bibi?"

Nikasema. Nilisema kila kitu nimesimama, ndoo ya maziwa mkononi, sikukaa wala kulia. Nikasema hata habari ya jani la sale. Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alikwenda uani akampigia tena yule fundi, nikamsikia anasema, "Nisamehe, baba. Kosa ni la kwetu." Alivyosema "la kwetu" nikatamani angesema "la Bibi."

Jumamosi na Jumapili alisafisha, kwa spiriti na kifutio cha penseli, meno ya kila kijiti mpaka yakang'aa. Akakamua chuchu moja moja, kijiti baada ya kijiti, kutwa. Vitatu vizima. Cha nne hakikupona; akakitupa. Akasema vitatu vitatosha kwa kubana tu.

Jumatatu akawasha. Kwa siku tatu sikuwasha moto jikoni, tulikula ndizi za kuiva na maziwa baridi. Nilikaa mlangoni nikiisikiliza feni. Inavuma. Inapunguza. Inavuma tena. Jumatano ukungu ukashuka, taa ikafifia mara mbili, mjukuu wangu akanishika kiganja bila kunitazama. Saa ikafika. Ikapita. Bado inavuma. Akaachia kiganja changu, akaanza kuandika.

Kazi akaipata. Mwezi uliofuata akapanga chumba mjini Moshi, akasema mtandao wa kule ni mzuri zaidi. Nikamwambia ile kompyuta aiache kwanza mpaka apate meza.

"Hapana, Bibi," akasema kwa upole. "Nitakwenda nayo."

Aliipakata kwenye gari kama mtoto, nami nikawatazama mpaka kona.

Kule darini mbao ni nyeusi tii, isipokuwa palipokaa lile sanduku. Pana mraba uliopauka, masizi yake yaliondoka na zile kanga. Mahindi ya mbegu nimeyasogeza pembeni. Pale siweki kitu.