Taiti Nyeusi Kwenye Joto la Malambo

Tangu nianze kazi ya unesi nimevaa taiti nyeusi, zile nzito zisizoonyesha ngozi, chini ya sketi ya sare. Mimi ni mtu wa Endamarariek, milimani Karatu, na asubuhi za mwezi wa saba kwetu, ukitoka na miguu mitupu, magoti yanakuuma kwa baridi mpaka saa nne. Huzinunua mnadani Karatu. Naingiza mkono ndani, nauinua juani, nikiona vidole vyangu narudisha kwenye rundo.

Nilipohamishiwa zahanati ya Malambo nilibeba jozi zote tano. Huko ni chini bondeni, Umasaini, joto na vumbi tupu, na mwenzangu wa zamu aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia nimezoea. Lakini pia bila taiti nilijiona kama sijamaliza kuvaa. Mchana miguu ililowa jasho, nami nikavumilia.

Siku moja ya kliniki alikuja binti mwenye mimba ya kwanza, miezi minane, na hakuwahi kupimwa hata mara moja. Alikuja na mama mkwe wake. Binti alikuwa amemaliza darasa la saba, Kiswahili anakijua vizuri. Nikamwambia apande kitandani, alegeze shuka nimpime tumbo. Akabaki amesimama, shuka kaishika kwa mikono miwili.

"Sivui," alisema.

"Tupo wanawake watupu, mdogo wangu. Pazia nimefunga."

"Wewe mwenyewe umejifunika mpaka kwenye vidole. Hata miguu yako hatujawahi kuiona. Halafu mimi nivue?"

Mama mkwe aliuliza kwa Kimaasai binti kasema nini, binti mwenyewe akamtafsiria. Hakumkemea. Aliniangalia miguu, akasubiri jibu.

Niliona aibu, na kidogo nilikasirika, maana foleni nje ilikuwa ndefu. Kisha nikakaa kwenye stuli, nikavua viatu, nikazivuta zile taiti. Zilikuwa zimenata kwa jasho, zikatoka polepole, na kiunoni lastiki ilikuwa imeniachia alama. Nikaziweka dirishani. Miguu yangu ilikuwa imepauka kuliko uso, na vinyweleo sikuwa nimevinyoa tangu Karatu.

Binti alicheka akaziba mdomo. Mama mkwe akasema neno, binti akanitafsiria: "Anasema ni miguu ya kawaida tu."

"Ni ya kawaida, yeyo," nikamjibu mama yule, kwa jina wanaloitana akina mama wa huko.

Binti akapanda kitandani, akalegeza shuka mwenyewe. Nilipopapasa tumbo nikakuta kichwa cha mtoto kiko ubavuni, kulia. Mtoto alikuwa amelala kwa upande. Nilirudia kupima mara mbili, nikamwita mwenzangu naye akapima. Tukawaeleza wote wawili kwamba huyu hawezi kuzalia nyumbani, lazima aende hospitali. Mama mkwe aliuliza maswali mengi: nani atampikia huko, nani atabaki na ndama, kama watampasua atapona baada ya muda gani. Nilimjibu niliyoyajua. Niliyokuwa siyajui nilimwambia siyajui. Mwisho akasema binti ataenda, na yeye mwenyewe atamsindikiza.

Waliondoka siku ya tatu kwa gari la wagonjwa. Binti alipasuliwa wiki ya nne, akapata mtoto wa kike. Habari nililetewa na dereva wa gari hilo.

Baada ya hapo Malambo nilivaa sketi na miguu mitupu. Wiki ya kwanza nilijishika magoti kila nikikaa; ya pili nikasahau. Nilikaa huko miaka miwili. Sasa nimerudi Karatu, na asubuhi hii ukungu umefika mpaka barabarani. Nimevaa jozi mpya, ina lastiki pana, haibani tumboni.