Kiwavi wa Mlimau wa Mama

Harufu ya jani la mlimau likifikichwa mkononi, kwangu mimi, ni harufu ya kibaraza chetu cha ghorofani mtaa wa Bukoto, Kampala, mwaka nilipokuwa darasa la tatu. Mama, aliyekimbia vita Kindu, Kongo, akiwa amenibeba mgongoni, alikuwa amepanda mlimau kwenye ndoo ya rangi. Asubuhi moja niliona juu ya jani kitu ambacho ningeapa ni kinyesi cha ndege. Kikatembea! Tangu hapo kila nikitoka shule nilikimbilia pale kumtazama kiwavi wangu akila, akijivua ngozi, mpaka akawa kijani kibichi, mnene kuliko kidole changu. Nilimpenda, basi.

Mama alipomgundua yeye na wenzake alifurahi kunizidi. Kwao Kindu viwavi ni kitoweo cha wageni wa heshima, na huku Kampala alikuwa amewatafuta soko zima la Nakivubo asiwapate wabichi. Papo hapo akabandika kikaango kwenye sigiri ya makaa.

"Mama, nakuomba, huyu usimkaange," nilisema, machozi yakinilengalenga.

"Acha utoto. Mboga ndiyo hii," akajibu, akamkamata mgongoni.

Loo! Kichwani pakachomoza pembe mbili za rangi ya chungwa, na uvundo ukatujaa puani. Mama alimwachia, akakohoa, kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Huyu wa huku anajua kujitetea. Haya, mwache aishi, yeye na wenzake."

Kiwavi akajifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba, akatulia kama jani lililojikunja. Nilidhani amekufa. Jumapili moja, tumeshavaa kwenda kanisani, ganda likapasuka. Akatoka mdudu mwingine kabisa, mabawa yamelowa na kukunjamana, yakafunguka polepole: meusi, yenye madoa ya manjano tele. Ibada ilitupita. Kipepeo aliruka akipepesuka, akashuka ghafla, Mama akazuia pumzi, akanibana mkono mpaka ukauma. Kisha kipepeo akapaa juu ya mabati ya majirani, akapotea.

Siku hizi naishi Nakawa, humu humu Kampala, na wanangu huniletea simu nione vipepeo wa dunia nzima, hata wa Amerika Kusini ambao viwavi wao nao hujifanya kinyesi cha ndege. Nashangaa nao, kweli kabisa. Lakini sijamwona tena mtu mzima akizuia pumzi namna ile, kwa ajili ya mdudu ambaye yeye mwenyewe alikuwa ameshambandikia kikaango.